Siku Niliyombuni Mama wa Mshtakiwa

Naandika haya nikiwa nimefunga mlango wa chumba changu, na bado naona aibu, ingawa anayenitazama ni daftari tu. Watu wa kanisa letu wanajua kilichotokea kortini, kwa sababu kilifika kwenye simu zao kabla mimi sijafika nyumbani, lakini wengi hawajui kilianzia wapi. Kilianza na mimi, siku ya Alhamisi, nikiwa nimelala kitandani na laptopu kifuani, nikaona uvivu wa kumaliza filamu.

Mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Kanisani nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, shuleni hata nikijua jibu nalimeza, na nikipigiwa na mtu nisiyemzoea naiangalia simu ikilia mpaka inyamaze, halafu namtumia meseji kwamba samahani nilikuwa bafuni (ukihesabu meseji zangu utadhani naishi bafuni). Lakini kuna kitu kimoja ninacho ambacho wenzangu wa youth, lile kundi la vijana kanisani, hawana, nacho ni Kiswahili. Nilitoka Nakuru nikiwa na miaka kumi na mmoja. Wao wengi wamezaliwa hapa Minnesota, ukiwaongelesha Kiswahili wanaelewa kila kitu na wanakujibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana kukiwa na barua ya kusomewa mtu au fomu ya hospitali ya kujazwa, utasikia, "Makena yuko wapi?"

Sasa, kanisani kwetu hapa Champlin kuna Wakenya na kuna familia za Wakongo, na mmoja wao ni Mama Neema. Ametoka Uvira, akakaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, Kiswahili chake bado ni cha Kongo, na sasa anakunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanawe wa kiume anaitwa Espoir, ana miaka ishirini, ni mpole mpaka unamwonea huruma. Mwezi wa pili Espoir aligombana na mwenzake kwenye ngazi za nje za ghala wanapofanya kazi kule Blaine, yule mwenzake akaanguka akavunjika mkono. Yule anasema alisukumwa. Espoir anasema ngazi zilikuwa na barafu na yeye hakumgusa. Kamera haikuona kitu. Kesi ikapangwa mwezi wa sita, na wakili akaeleza kwamba Espoir akipatikana na hatia ya kumvunja mtu mkono kwa makusudi anaweza kufungwa, na hata karatasi zake za kuishi huku zinaweza kuguswa. Mama Neema alikonda tukimwangalia.

Ndipo Anko Dan, kiongozi wetu wa vijana, akapata wazo. "Mama Neema hajawahi kuingia korti ya huku," akasema. "Hajui juri ni nini, wale raia kumi na wawili wanaoamua kama mtu ana hatia. Kuna filamu moja ya zamani, yote iko ndani ya chumba kimoja, juri wanajadiliana tu mpaka mwisho. Tuwaite akina mama Jumamosi mchana waione. Makena atatafsiri."

Nilikubali. Mtu akiniuliza kwa nini, jibu ni hili: Anko Dan alisema taa zitazimwa na nitakaa nyuma ya viti na maikrofoni. Nilifikiri, sauti yangu itakuwa pale na uso wangu hautaonekana, na kwa mtu kama mimi hiyo ni zawadi.

Alinitumia filamu Jumatatu ili nijitayarishe. Nikaifungua Alhamisi. Haina rangi, nje mvua inanyesha, ndani wanaume wamekaa na makoti yao yaliyolowa wanabishana kama kijana fulani alichoma ghala la mbao au hakulichoma. Hakuna anayekimbia, hakuna anayependana na mtu, wanaongea tu. Nikaangalia kama dakika ishirini na tano nikajiambia, hawa watabishana, watachoka, watakubaliana, itaisha. Kitu gani kingine kinaweza kutokea chumbani humo? Nikafunga laptopu nikalala.

Jumamosi akina mama walijaa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na vikombe vyao vya chai na maandazi kwenye leso za karatasi. Mama Neema aliwekwa mbele kabisa. Na niseme ukweli, mwanzo nilifanya vizuri. Neno juri nililiita wazee wa baraza ili waelewe, kisha kila mzee nikampa sauti yake na jina lake: yule mwenye kofia, yule wa kukohoa, yule anayejifanya mwalimu. Kule Nakuru binamu yangu alikuwa akinipeleka kwenye kibanda cha video ambako filamu za Wachina zinatafsiriwa na jamaa mmoja ambaye hajui hata neno moja la Kichina, anawatia waigizaji maneno yake mwenyewe, watu wanaanguka kwa kicheko na hakuna anayelalamika, kwa sababu hiyo ndiyo ladha yenyewe. Mimi nikajikuta namuiga. Mzee wa kukohoa nikamfanya aseme mke wake alimwambia asitoke bila sweta. Akina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Sijawahi kuchekesha chumba kizima maishani mwangu. Nilihisi kama nimevaa viatu vya mtu mwingine na vimenitosha.

Kisha dakika zangu ishirini na tano zikaisha.

Wale wanaume wakaanza kuongea wawili wawili, haraka, kwa Kiingereza cha kizamani, kuhusu saa za treni na moshi ulionekana upande gani. Nikashika neno moja, nikapoteza matano. Palipobaki pengo nikaweka la kwangu. Nilikuwa natokwa jasho gizani wakati Mama Neema alipogeuka kwenye kiti chake akauliza kwa sauti, "Na mama ya huyu kijana, eko wapi?"

Akina mama wote wakaamka. "Ehe! Kweli, mama yake?"

"Kijana anashtakiwa peke yake kama hana kwao?"

Filamu haisemi lolote kuhusu mama yake. Ningeweza kuwaambia hivyo hivyo. Lakini macho yote yalikuwa yamegeuka upande wangu, kile kiza nilichoahidiwa hakikunisaidia tena, na kunyamaza na maikrofoni mkononi ni aibu mbaya kuliko kunyamaza bila maikrofoni. Nikasema, "Mama yake yuko hapo nje, kwenye korido. Anawangoja wazee watoke aongee nao."

"Ahaaa," chumba kizima kikapumua.

"Banamuruhusu?" Mama Neema akauliza.

"Ndiyo, wanamruhusu. Ni desturi yao."

Sijui kama umewahi kudanganya kitu kidogo halafu ukalazimika kukilisha. Mlango ukifunguliwa kwenye filamu, wanauliza, "Ni yeye?" Nasema bado. Mzee akisimama dirishani, wanauliza anaangalia nini. Nasema anamwona yule mama kwa chini. Stacy, binti wa Anko Dan, alikuwa amekaa karibu na mimi na simu yake, akaninong'oneza, "Makena, hakuna mama kwa hii movie."

"Nyamaza," nikamwambia, "si unaona wanafurahia?"

Na yule mzee mkali, wa mwisho kubadilisha msimamo, alipoinamisha kichwa mezani, nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Amekumbuka maneno ya yule mama." Nikasikia watu wanapenga kamasi. Kijana akaachiliwa, akina mama wakapiga vigelegele, Anko Dan akashuka kutoka juu alikokuwa na watoto wadogo akanipigia makofi. Mama Neema akanikumbatia na mikono yake inayonukia sabuni. "Asanti sana, binti yangu. Sasa najua nitafanya nini."

Nilidhani anamaanisha kuomba.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo aliponiomba nimsindikize kortini nimnong'onezee yanayosemwa, mamangu alikubali kabla sijafungua mdomo. Mamangu ni nesi, na siku hiyo aliwaambia wenzake wote wa zamu kwamba binti yake ni mkalimani (alinitajia hata majina ya waliompongeza). Mchungaji akatuendesha mpaka mjini Minneapolis. Mama Neema alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi na amebeba mfuko mzito. Mlangoni askari walipoufungua wakakuta chapati zimefungwa vizuri kwenye karatasi ya fedha, wakatabasamu wakaturudishia. Nilidhani ni chakula chetu cha mchana. Zilikuwa nyingi mno kwa watu watatu, hilo niliona, lakini Wakongo wa kanisani kwetu hawapiki kidogo, kwa hiyo nikanyamaza.

Ndani, Espoir alikaa na wakili wake kwenye suti ya kuazima, mikono ya koti ikimwishia juu ya kifundo. Hakugeuka. Jaji alianza kwa kutoa maagizo, haraka kama anayesoma kitu alichokisoma mara elfu: simu zizimwe, watu wasile, na mtu yeyote asizungumze na wanajuri, ndani au nje ya chumba hiki. Niliyasikia neno kwa neno. Sikumtafsiria Mama Neema. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka miguu, na nikaona hayo ni ya watu wengine, sisi tutaongea na juri kwa lugha gani?

Asubuhi yote nilinong'ona mpaka koo likakauka. Daktari akaeleza kuhusu mfupa. Mwenzake Espoir akasema alisukumwa. Wakili akamuuliza kuhusu barafu. Mchana tukatoka kwenye korido, Mchungaji akashuka kuhamisha gari, sisi tukabaki kwenye benchi. Wanajuri wakaanza kurudi kutoka kula, mmoja mmoja, kila mtu na kibandiko chake kifuani. Mama Neema akasimama, akanyoosha kitenge. Nikafikiri anataka msalani.

Alimchagua mwanamke mzee kuliko wote, mwenye nywele nyeupe na mkongojo. Akaenda moja kwa moja, akapiga magoti kwenye ile sakafu ya mawe, akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili. "Mama," akasema, "mimi ni mama yake Espoir. Mwanangu hakusukuma mutu. Mumuangalie kama mutoto yenu." Na mfuko wa chapati akauweka miguuni pake, kama mtu anavyofika mbele ya wazee wa kwao kuomba, na si rushwa, ni heshima tu, huwezi kwenda kuomba mikono mitupu.

Yule bibi akashtuka. Akaniangalia mimi, kwa upole, akaniuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini, mpenzi?"

Na mimi nikatafsiri.

Hapa ndipo huwa nafunika uso kwa mto nikikumbuka. Ningeweza kumshika Mama Neema nikamwinua. Ningeweza kusema samahani tukaondoka. Lakini nilikuwa nimetafsiri tangu asubuhi, mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda wenyewe, na nikayasema yote vizuri kabisa, kwa Kiingereza safi, bila kuacha hata neno (mara ya kwanza kabisa kutafsiri bila kuongeza chochote, na ndiyo hiyo). Yule bibi akafunika mdomo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Askari wa mahakama akaja mbio akipiga kelele, "Rudini nyuma! Rudini nyuma!" mfuko ukapigwa teke, chapati zikatawanyika koridoni, na wanajuri wengine wakasimama mbali wakituangalia kama watu walioleta moto.

Tukaingizwa ndani. Juri hawakuwepo. Jaji akavua miwani. Wakampigia simu mkalimani wa mahakama, Mtanzania kwa jinsi alivyoongea, sauti yake ikatoka kwenye spika ya mezani, tulivu, kama mtu anayesoma habari. Mama Neema akaulizwa kwa nini amefanya vile.

"Nimefanya kama ile mama ya filamu," akajibu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Huyu binti alitufasiria. Mama anangoja mu korido, anaongea na bazee."

Jaji akauliza filamu gani. Na chumba kizima, wakili, mwendesha mashtaka, askari, Mchungaji aliyekuwa ameingia anahema na funguo za gari mkononi, Espoir na suti yake fupi, wote wakanigeukia. Mimi wa kiti cha nyuma. Nikasimama. Magoti yangu yaligonga kiti cha mbele na sauti ilisikika.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba kwenye filamu hakuna mama. Kwamba sikuwa nimeimaliza, na waliponiuliza, nilimtunga. Nikasema pia kwamba asubuhi nilisikia agizo lake na sikulitafsiri.

Nilifikiri hiyo ndiyo aibu yenyewe. Haikuwa. Aibu ilikuja sekunde chache baadaye, kwa sababu mkalimani alikuwa anafanya kazi yake, na kazi yake ni kutafsiri kila kitu. Ile sauti tulivu ikajaza chumba: "Binti anasema katika filamu ile hakuna mama. Anasema hakuwa ameimaliza, na walipomuuliza, alimbuni mwenyewe. Anasema leo asubuhi alisikia amri ya mheshimiwa jaji, wala hakuitafsiri."

Hakuongeza kitu. Hakupunguza kitu.

Mama Neema hakunigeukia. Aliangalia mikono yake. Espoir ndiye aliyenigeukia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hakuonekana amekasirika, alionekana amechoka tu.

Jaji akasema hatamwadhibu mama wa watu, lakini yule bibi hawezi kuendelea. Wakamwita, wakamshukuru, wakaweka kijana mmoja wa akiba mahali pake. Alichukua mkoba wake akapita mbele yetu na mkongojo, taratibu, akiangalia mbele kama alivyoamriwa.

Njiani kurudi hakuna aliyewasha redio. Tulipovuka mto ndipo Mama Neema akasema, kutoka kiti cha mbele, "Juu ya nini, binti yangu?"

"Niliona aibu kunyamaza."

"Aibu," akarudia. "Na ni mimi njo nilipiga magoti."

Nyumbani mamangu alikuwa mlangoni na simu mkononi. "Makena. Umesimamishwa mbele ya jaji?" Nikasema ndiyo. "Ala! Na mimi kule kazini nilikuwa nimekutangaza!" Halafu alipoona uso wangu akaacha, akanipakulia chakula, na hakuniuliza tena, jambo ambalo kwa mamangu ni kama muujiza.

Nilikuwa na uhakika sitaitwa tena. Lakini siku ya uamuzi, asubuhi na mapema, Mama Neema akapiga simu, na mara hii niliipokea. "Njoo," akasema. "Nani mwengine ataniambia? Lakini leo uniambie yenye banasema. Yenye banasema tu."

Nikaenda. Wakaingia, kumi na wawili, yule kijana wa akiba akiwa mwisho. Mama Neema alinishika kifundo cha mkono. Yalikuwa mashtaka mawili. Karani akasoma la kwanza, lile kubwa la kumvunja mtu mkono kwa makusudi, na msemaji wa wanajuri akajibu, na mimi nikanong'ona, "Hana hatia."

"Yesu asanti," akaanza kuinuka, "Yesu asanti, Yesu..."

Nilitamani aendelee. Ilikuwa rahisi sana kumwacha aendelee, sekunde tano, kumi, afurahi kama walivyofurahi siku ile ukumbini. Nikamshika mkono kwa nguvu. "Kaa kwanza, Mama. Hawajamaliza."

Akakaa. Karani akasoma la pili, la kumpiga mwenzake, dogo kuliko la kwanza.

"Banasema nini?"

"Wamesema ana hatia."

"Ya kumusukuma?"

"Ndiyo, Mama. Wamesema alimsukuma."

Hakulia. Alinyoosha kitenge magotini, mara mbili, mara tatu, ingawa hakikuwa na mkunjo. Espoir aliruhusiwa kurudi nyumbani nasi mpaka siku ya kusomewa adhabu, na wakili akaeleza (nikatafsiri, polepole, nikimwomba arudie kila nilichokosa) kwamba pengine atapewa siku chache au kazi ya kujitolea, na kuhusu karatasi zake itabidi watafute mwanasheria mwingine anayejua mambo hayo. Espoir alisikiliza akivua koti la watu, akalikunja vizuri.

Tukiwa tunangoja lifti, Mama Neema akanivuta kando. "Ile mama muzee. Ingekuwa alibakia, angesema hapana kwa yote mbili?"

Jibu zuri lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, wallahi lilikuwa tayari, na lingemfaa kulalia usiku huo. Hata lile lingine, kwamba angesema ndiyo kwa yote mawili na kwa hiyo afadhali aliondoka, nilikuwa nalo. Yalikuja pamoja, bila kuitwa, kama yanavyonijia.

Nimeapa, na naandika hapa ili nikisahau nisome: sitaweka tena neno langu katikati ya maneno ya watu, hata likiwa zuri, na hasa likiwa zuri.

"Sijui, Mama," nikamwambia.

Akaniangalia kidogo, kama anayepima kitu. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na lifti ikafunguka tukaingia.